Mvua ya Kericho Haihitaji Shahidi: Jean-Marie Seroney na Sheria ya Mambo Yaliyo Wazi



Mhadhara huu umezaliwa na hasira, na ni haki niikiri mapema. Miaka miwili iliyopita nilihudhuria kongamano mjini Nakuru. Tulikuwa tumekwisha kula, usingizi wa mchana unatunyemelea, mwanahistoria mmoja ninayemheshimu akasimama kutueleza ni watu gani wa karne iliyopita wanaostahili kuandikiwa wasifu kamili. Alikuja na kipimo chake mkononi. Mtu wa kuandikiwa kitabu, alisema, ni yule aliyevaa kofia tatu: ya wakili, ya mbunge na ya mfanyabiashara. Akatupeleka Marekani ya karne ya 19, ambako kwa maoni yake taifa zima lilijengwa na watu wa aina hiyo, asubuhi mahakamani, mchana bungeni, jioni dukani au kwenye ofisi za kampuni ya reli. Kisha akarudi Kenya, akataja majina, watu wakaandika. Nikainua mkono, nikauliza: na Seroney je? Akatabasamu. Seroney, akasema, ni sentensi moja.

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Lakini matatu ilipofika Londiani nilikuwa bado naitafuna sentensi ile kama kishina cha muwa. Kwenye chai, kabla sijaondoka, alikuwa amenifafanulia. Hoja zake zilikuwa tatu: kwamba maneno ya Seroney ya mwaka 1975 yalikuwa ulimi ulioteleza, si fikra, kwamba kama yalikuwa fikra, basi yalikuwa upendeleo wa mwenye kiti kwa rafiki yake, na kwamba mtu huyo alikosa kofia ya tatu, ndiyo maana alipoanguka hakuwa na pa kuegemea. Leo nitazijibu zote. Ya tatu nitaimaliza haraka. Ile ya kwanza itanichukua muda kuliko inavyostahili, nami naomba radhi kwa wale ambao magari yao yanawasubiri.

Kwanza habari yenyewe, ambayo wengi wenu mnaijua, kwa hiyo nitaipita mbio. Jean-Marie Seroney alizaliwa 1927 katika nchi ya Wanandi. Alisoma Alliance, akapita Makerere, akavuka bahari kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Allahabad, India. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1961 akiwa mtu wa Kadu, akaipigania katiba ya majimbo, akakiona chama chake kikivunjwa Novemba 1964, akabaki bungeni, kwanza kwa Nandi Kaskazini, na tangu 1969 kwa Tinderet. Februari 1975 wabunge wenzake walimchagua Naibu Spika, ingawa serikali haikumtaka. Tarehe 9 Oktoba mwaka huo, Martin Shikuku wa Butere alisema kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama tawala, Kanu. Wakaruka wabunge, wakamtaka athibitishe. Seroney, akiwa amekalia kiti, akasema kwamba jambo lililo wazi halina haja ya kuthibitishwa. Baadhi ya wabunge wakatoka nje. Tarehe 15 Oktoba polisi waliwakamata wote wawili katika majengo ya Bunge lenyewe. Walikaa kizuizini hadi Desemba 1978. Mwaka 1979 Seroney aligombea tena Tinderet akashindwa na Henry Kosgey. Mwaka 1982 akafariki.

Hayo ndiyo maisha kama yanavyosimuliwa, na utaona kwamba hata mimi, mtetezi wake, nimeyabana katika aya moja. Kwa hiyo mwenzangu ana hoja.

Nianze na kofia ya tatu. Nani alimfundisha mwenzangu kwamba Marekani ya karne ya 19 ilijengwa na watu waliofaulu katika mambo yote matatu? Mchukueni Abraham Lincoln, maana bila shaka ndiye aliyekuwa akilini mwake. Wakili alikuwa. Mbunge alikuwa, mihula minne katika Baraza la Illinois kuanzia 1834, kisha muhula mmoja Washington. Na mfanyabiashara? Alikuwa na duka New Salem pamoja na mshirika wake William Berry. Duka lilifilisika, Berry akafa, na Lincoln akalipa madeni kwa miaka mingi hadi akawa anayatania kwamba ndiyo deni lake la taifa. Pesa kubwa zilimjia kupitia uwakili: aliitetea kampuni ya reli ya Illinois Central katika kesi ya kodi, na ilipofika saa ya kulipwa dola 5,000 zake ilimbidi aishtaki kampuni hiyo hiyo mwaka 1857. Basi kipimo cha kofia tatu hakimpimi hata yule aliyekatiwa. Wanaopimwa nacho kweli ni watu wa kwetu waliotajirika wakiwa bungeni, na hao hawakosi waandishi wa wasifu. Huwalipa.

Nimemtaja Lincoln si kwa ajili ya duka lake. Kuna kesi yake moja inayonirudisha kwa Seroney kwa njia ambayo mwenzangu hakuitazamia.

Mwaka 1858, katika mji mdogo wa Beardstown, kijana aitwaye Duff Armstrong alishtakiwa kwa mauaji. Mama yake, Hannah, alikuwa amemkarimu Lincoln enzi za umaskini wake, na Lincoln akaichukua kesi bila malipo. Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka, Charles Allen, alisema aliona pigo likitolewa, usiku wa saa tano hivi, kwa sababu mwezi ulikuwa juu angani na mwanga wake ulikuwa mkali. Lincoln alimwacha ayarudie maneno hayo mara kadhaa, kwa upole wa mtu anayemwaga mtama mbele ya kuku. Kisha akaomba aletewe kalenda ya nyota ya mwaka 1857. Kalenda ikaonyesha kwamba usiku ule wa tarehe 29 Agosti, saa ile, mwezi ulikuwa umeinama sana, unakaribia kuzama. Armstrong aliachiliwa.

Ni sheria gani iliyomruhusu Lincoln kumshinda shahidi wa macho kwa kitabu cha shilingi mbili? Hakumwita mnajimu. Hakuuita mwezi. Alitegemea kanuni ya kale ya sheria ya ushahidi: yapo mambo ambayo mahakama inayajua kwa kuwa inaishi duniani pamoja nasi, na hayo hayathibitishwi. Yanatambuliwa tu. Jua huchomoza mashariki. Februari haina siku thelathini. Mwezi una ratiba yake. Mwenye macho haambiwi tazama, na mahakama ina macho.

Sasa nifikie kitabu ninachokipenda kuliko vyote, na mniruhusu nikae nacho kidogo. Mwaka 1872 Mwingereza mmoja, James Fitzjames Stephen, aliiandikia serikali ya India sheria ya ushahidi. Sheria zilizopikwa na kamati huwa na ladha ya maji ya kuoshea sufuria. Hii ina ladha ya mtu mmoja mwenye akili kali na haraka ya kwenda nyumbani. Vifungu vyake ni vifupi, na chini ya vingi ameweka mifano midogo: A anamwambia B, B anamuua C, je, barua ya D inakubalika? Kwa mwanafunzi wa sheria ni kama kusoma hadithi za Abunuwasi. Sheria hiyo ilipanda meli, ikashuka Mombasa, ikatumika katika makoloni ya Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Kenya iliibadilisha kwa Sheria yake yenyewe ya Ushahidi, Sura ya 80, iliyoanza kutumika Desemba 1963, siku zile zile tulipopandisha bendera. Lakini ukiifungua utakuta sauti ya Stephen ingali inazungumza ndani yake. Kifungu chake cha 56 ndicho cha 59 kwetu: jambo ambalo mahakama yapaswa kulitambua halihitaji kuthibitishwa. Cha 57 ndicho cha 60: orodha ya mambo yenyewe. Mwenendo wa kawaida wa maumbile umo. Mgawanyo wa majira umo. Maana ya maneno ya Kiingereza imo, jambo ambalo limenichekesha miaka thelathini, kwa sababu mahakama ya Kenya inayajua maneno ya Kiingereza bila shahidi, ilhali maneno ya bibi yangu yanahitaji mkalimani aliyeapishwa. Na karibu na mwisho wa orodha yetu umo mlango mkubwa kuliko yote: mambo yote yaliyo mashuhuri, kwa jumla au mahali husika.

Kumbukeni Seroney alisomea sheria wapi. Hakuanza kujifunza ushahidi kwa hukumu za Waingereza zilizotawanyika katika mabuku mia, kama wenzake waliosomea London. Alianzia India, na huko wakati ule ushahidi maana yake ilikuwa Sheria ya 1872, kifungu kwa kifungu. Alipokuwa akitetea watu katika mahakama za kwetu kabla ya uhuru, ndiyo sheria aliyoishika mkononi. Kisha wekeni sikio katika yale aliyoyasema Oktoba 1975. Hakusema kwamba Shikuku anasema kweli. Hakusema kwamba Kanu imekufa. Alisema kwamba lililo wazi halithibitishwi. Hiki ni kifungu cha 59, kimevuliwa joho la mahakama kikapelekwa bungeni. Ulimi ulioteleza hauangukii juu ya kifungu cha sheria.

Mnajua ni lini niliielewa kanuni hii mimi mwenyewe? Si darasani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nimefuatana na mama kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia. Alikuwa amechuma tangu alfajiri, majani mawili na kichipukizi, yamekauka vizuri. Foleni ikawa ndefu, na saa nane mvua ikatukuta, kama inavyotukuta siku zote huku kwetu. Zamu yake ilipofika, karani aliinua kikapu, akakitikisa, akasema atakata kilo kadhaa kwa sababu ya maji. Mama akasema majani yalikuja makavu, mvua imeyakuta hapa hapa kwenye foleni yenu. Karani, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, akamwambia athibitishe kwamba ilinyesha akiwa kwenye foleni.

Mama hakujibu. Alinyoosha mkono nje ya paa la mabati, akauacha huko kwa muda, akaurudisha, akaupangusa juu ya daftari la karani. Wino ukatawanyika. Foleni nzima ikanyamaza, kisha mzee mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikashika njia hadi barabarani.

Kilo zilikatwa vilevile. Nataka mlishike hilo, kwa sababu nitalirudia: kuwa na haki juu ya lililo wazi hakukupi kilo zako. Lakini tangu siku ile nimejua kwamba yupo mtu anayetaka uthibitisho kwa sababu hajui, na yupo anayeutaka kwa sababu anajua. Anaijua mvua, maji yanamdondokea shingoni. Anachokitaka ni wewe uzunguke, utafute shahidi, urudi kesho, ukute kituo kimefungwa. Bungeni wanaliita jambo la nidhamu.

Nije kwenye hoja ya pili, ya upendeleo, ambayo ni nzito na sitaipiga kwa mzaha. Kanuni za Bunge humtwika mbunge wajibu wa kusimamia ukweli wa anachokisema, na wenzake wana haki ya kumtaka athibitishe. Bila kanuni hiyo Bunge lingekuwa baraza la udaku. Mwenye kiti ni mwamuzi. Akianza kucheza mpira, mchezo umekwisha. Tena Seroney na Shikuku walikuwa wametoka chungu kimoja: wote wawili Kadu, Shikuku akiwa katibu wake mkuu. Hakimu aliyekula na shahidi hujiondoa kwenye kesi. Haya yote nayakubali. Ningekuwa mimi kwenye kiti siku ile, ningemwambia mheshimiwa Shikuku aendelee, nikanyamaza, na nisingekumbukwa na mtu yeyote.

Lakini angalieni ni nini kilichotakiwa kuthibitishwa. Mwenzangu alinishambulia hapa vizuri kuliko kwingine kote. Mwezi, alisema, una ratiba. Kifo cha chama ni sitiari, na sitiari haimo katika kifungu cha 60. Ni hoja nzuri. Iliniamsha usiku. Nayo inaanguka kwa sababu chama, tofauti na mtu, huishi kwa vikao. Mapigo ya moyo wake yameandikwa katika katiba yake: chaguzi, mikutano mikuu, matawi. Mkutano mkuu wa Kanu wa Limuru ulikuwa Machi 1966. Tangu hapo hadi Oktoba 1975 Kanu haikufanya uchaguzi wa viongozi wake wa taifa. Miaka tisa. Kila mbunge aliyekuwa ukumbini alikuwa mwanachama wa Kanu, kwa kuwa hakikuwapo chama kingine. Kwa hiyo kila mmoja alijua kama aliwahi kupiga kura ndani ya chama hicho au la. Kama lipo jambo lililokuwa mashuhuri mahali husika, ni hili, na mahali husika palikuwa ukumbi ule. Njia ya kumjibu Shikuku ilikuwa fupi kuliko ya kwenda mlangoni: tajeni tarehe ya uchaguzi. Walichagua mlango.

Na urafiki wa Kadu ninaugeuza. Watu hao wawili walikuwa wamekwisha kukizika chama kimoja kwa mikono yao. Novemba 1964 walikiona kikikata roho, kwa hiari iliyosukumwa, huku wabunge wakihama mmoja mmoja. Mtu aliyewahi kufiwa huitambua maiti hata ikiwa imevalishwa suti.

Lipo jambo jingine katika Taarifa Rasmi za Bunge za miaka ile ambalo wasomi wetu hulipita. Nimezisoma Taarifa hizo tangu nikiwa mwanafunzi, nilipokwenda maktaba kukwepa baridi nikakutana na mabuku yake mekundu yenye vumbi. Ni fasihi kubwa ya nchi hii isiyosomwa: ina vichekesho, matusi yaliyovaa tai, wabunge wa mashambani wakimhoji waziri kuhusu daraja moja hadi waziri anatoa jasho. Na kuanzia Julai 1974 hadi 1979, lugha ya mjadala bungeni ilikuwa Kiswahili peke yake, isipokuwa kwa miswada na nyaraka za fedha. Fikirini maana yake. Sentensi ya Seroney tunaikariri kwa Kiingereza, tunaiandika kwenye magazeti kwa Kiingereza, ilhali Bunge alilokuwa akiliongoza lilikuwa Bunge la Kiswahili. Tumemkumbuka wakili huyo kwa lugha ambayo siku ile haikuwa lugha ya kikao. Na lugha ina uzito wake hapa. Kuthibitisha ni kulifanya jambo liwe thabiti, lisimame. Wazi ni kilicho kitupu, kisichofunikwa, kama mlango au kidonda. Kwa Kiswahili hoja inajisema yenyewe: kilichosimama hakihitaji kusimamishwa, na kidonda kilicho wazi hakihitaji daktari wa kuapa kwamba kipo.

Sasa nije mahali ambapo mtetezi mwaminifu hutokwa na jasho. Tarehe 27 Julai 1969, wiki tatu baada ya Tom Mboya kuuawa, Seroney alitoa Azimio la Nandi Hills. Lilidai kwamba ardhi ya wilaya ya Nandi ni ya Wanandi, na likapinga watu wa nje kumilikishwa mashamba yaliyoachwa na walowezi. Serikali ilimshtaki kwa uchochezi, akatiwa hatiani, akatozwa faini. Wanaompenda Seroney wa 1975 hawapendi kukutana na Seroney wa 1969, na wanaompenda yule wa 1969 mara nyingi hawana haja na yule wa 1975. Mimi sina ruhusa ya kuchagua.

Nanyi mlioketi hapa hamhitaji kuambiwa azimio lile lilitoka katika uchungu gani. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 iliifanya ardhi tuliyoikalia kuwa mali ya mfalme. 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba Mwafrika ni mpangaji wa Taji, wa kuondolewa itakapopendeza. Hapa Kericho, baada ya Vita vya Kwanza, ekari zipatazo 25,000 zilitengewa maofisa walemavu wa jeshi la Uingereza. Wakapanda kitani, bei ya kitani ikaanguka, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikaingia mikononi mwa kampuni za chai. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulihamishiwa Gwassi kwa sheria iliyotungwa kwa ajili yao peke yao, bila kesi, mamia ya watu, wazee na watoto. Kila hatua hapo mwenye nchi alidaiwa uthibitisho wa kitu ambacho makaburi ya babu zake yalikuwa yakikithibitisha.

Kwa hiyo Seroney wa 1969 alikuwa akisema: ni wazi, ardhi hii ni yetu, kila mtu anajua. Na hapa kanuni yangu pendwa inanigeuka na kunitazama usoni. Kwa maana nani huyo, kila mtu? Mashuhuri kwa nani? Tarehe 29 Oktoba 1991 moto ulianza katika shamba la Miteitei, Tinderet, katika lile lile lililokuwa jimbo la Seroney, ukasambaa hadi Kericho na sehemu nyingine za Bonde la Ufa. Wengi wa waliochomewa nyumba walikuwa wamenunua, na waliowachoma hawakuja na hati bali na jambo lililo wazi. Lisemwalo lipo, wanasema wahenga, na kama halipo laja. Methali hiyo ni ya kweli, tena ni ya kutisha, kwa sababu linalosemwa na wengi lina njia ya kujileta lenyewe likiwa na kibiriti.

Simtwiki Seroney moto uliowaka miaka tisa baada ya kifo chake. Lakini ningekuwa mwongo nikisema maneno yake hayakuwa kuni. Kanuni ya mambo yaliyo wazi ni kisu: mkononi mwa mnyonge hukata kamba, mkononi mwa wengi hukata watu. Stephen mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana sheria yake ilimruhusu hakimu kugoma kulitambua jambo hadi aletewe kitabu au waraka. Hata Lincoln hakuwaambia wazee wa baraza kwamba mwezi kila mtu anaujua, alileta kalenda. Seroney wa 1969 alihitaji kalenda, hakuwa nayo.

Basi ni nini kinachobaki baada ya kupima hivi? Kwangu mimi kinabaki karibu chote, nanyi mna haki ya kusema nilikuwa nimeamua tangu Londiani. Tazameni tofauti ya miaka ile miwili. Mwaka 1969 serikali ilimshtaki. Kulikuwa na mahakama, hati ya mashtaka, mashahidi, utetezi, hukumu, faini. Alilipa. Dai lake lilipelekwa mahali pa kupimwa, likapimwa. Mwaka 1975 hapakuwa na chochote cha hayo. Serikali iliyokuwa imekasirika kwamba mbunge mmoja hakuthibitisha sentensi moja ilimfungia mtu miaka mitatu na zaidi bila kuthibitisha sentensi hata moja juu yake. Haikumwita shahidi. Haikutaja kifungu alichokivunja. Sheria ya kulinda usalama wa umma haikuidai kitu zaidi ya sahihi ya waziri.

Hapo ndipo ninapomwambia mwenzangu kwamba Seroney si sentensi moja. Alitoa hoja katika sehemu mbili, na ya pili aliandikiwa na serikali. Tarehe 9 alisema kwamba yapo mambo yasiyohitaji uthibitisho. Tarehe 15 walikuja na kumwonyesha kwamba wao hawahitaji uthibitisho wa jambo lolote. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena kama Bunge lilikuwa hatarini. Polisi walikuwa wamelisimamisha jambo likawa thabiti, ndani ya majengo ya Bunge, mchana kweupe.

Na kofia ya tatu? Mwenzangu anasema Seroney alipotoka kizuizini hakuwa na pa kuegemea, ndiyo maana Tinderet walimwacha 1979. Huenda. Mama yangu naye alikatwa kilo. Lakini nimewafundisha wanafunzi wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba nimweleze mbunge tajiri wa 1975 alisema nini. Wananiomba niwaeleze aliyekaa kwenye kiti.

Ombi langu ni dogo. Chuo hiki kilipata hati yake mwaka 2013, katika ardhi iliyojua shule ya serikali tangu miaka ya 1920 na chuo cha wakulima baada yake. Kipo karibu na Nandi kuliko vyuo vingi vinavyoandika historia yetu. Wasifu wa Seroney uandikwe hapa, na Taarifa Rasmi ya Oktoba 1975 isomwe katika kila darasa la ushahidi, pamoja na kifungu cha 60, pamoja na habari za Miteitei, bila kuacha hata moja kati ya hizo tatu.

Mwenzangu wa Nakuru nimemwalika, na amekuja; yupo safu ya tatu, ana kalamu. Maswali yakifunguliwa atanitaka nithibitishe niliyoyasema kuhusu Allahabad na kifungu cha 59, na atakuwa na haki. Seroney alikuwa amekalia kiti, na mwenye kiti huruhusiwa kutambua. Mimi nimesimama tu kwenye jukwaa. Nimekuja na mabuku yangu, yako chini ya meza hii, na yamelowa kidogo njiani kutoka kwenye gari. Hilo sitalithibitisha.